Namba Ngeni Usipokee

Juzi kwenye basi la Alexandria, huku ughaibuni, nikienda interview nyingine ya kuambiwa "we'll get back to you", mbele yangu walikaa mama mmoja wa Tanga na mwanawe, kijana wa cyber security, beji ikimning'inia shingoni utadhani medali. Simu ya mama ikalia. Mwana akaipokonya, akakata.

"Mama, I told you! Namba ngeni usipokee. Matapeli hao!"

"Huyo mama yako mdogo. Anapasuliwa leo, kapiga tuombe dua kabla hajaingia. Lini kawa na simu yake? Siku zote huazima."

"Utajuaje ni yeye? Siku hizi hata sauti wanai-clone."

Simu ikalia tena. Safari hii mama ndiye aliyenyang'anya. Akaweka spika.

"Sema, tuliiba nini kwa bibi?"

"Halua! Na sahani ulishika wewe!"

Wakaomba dua, mama kafungua viganja, mpaka nesi akadai simu yake.

Ndivyo sisi wasomi tunavyowafundisha wazazi technology: tunapora na kufoka, halafu tunaita hiyo usalama. Na mtu analipwa kwa hilo! Mimi ningempa mama ile beji hapo hapo.

Mwana akauliza, sauti imeshuka, "Na mimi nikikupigia, utaniuliza nini?"

Mama akafuta kioo cha simu kwa ncha ya mtandio.

"Piga kwanza, mwanangu."