Tazama Tunda Limekaaje

Siku uvumilivu wangu ulipokatika, nilikula takataka mbele ya watu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye ripoti, na kwa ripoti hiyo ningeweza kunyang'anywa mtoto.

Ilikuwa Agosti, saa kumi jioni, jua bado kali. Nilikuwa nimetoka kazini Plymouth, ambako nahudumia wazee, nikapanda mabasi mawili, nikamchukua binti yangu wa miaka minne kwenye chekechea, tukaenda moja kwa moja kwenye bustani ya mtaa hapa Frogtown, mjini Saint Paul, huku ughaibuni. Bustani yenyewe ni uwanja uliogawanywa vitalu, kila familia na chake. Changu kiko karibu na lango. Nilimkuta msimamizi wa bustani amepiga magoti ndani ya kitalu changu, amevaa glavu mpaka viwikoni, na kando yake mfuko mweusi wa taka. Ndani ya mfuko mlikuwa na managu zangu. Zote. Miche kumi na tisa, imeng'olewa na mizizi yake.

"Samahani sana," akasema, huku anatabasamu, maana watu wa huku hutabasamu hata wakikuchinja. "Huu mmea ni sumu. Nafanya hivi kwa usalama wa mtoto wako."

Mtoto mwenyewe alikuwa ameshainamia mfuko. Yeye anajua managu ikiiva ilivyo tamu. Kufumba na kufumbua midomo yake ilikuwa ya zambarau, na msimamizi akapiga yowe na kumkamata mkono kwa ile glavu yenye udongo.

Hapo ndipo. Nilimvuta mwanangu kwangu, nikaupasua mfuko, nikang'oa kichala cha matunda meusi, nikakitia chote mdomoni na kutafuna mdomo wazi ili aone vizuri. Nikachukua cha pili. Cha tatu.

"Haya, nimekula," nikamwambia. "Sasa ngoja nife. Kaa hapo uhesabu dakika."

Hayo niliyasema kwa Kiingereza. Yaliyofuata niliyasema kwa Kiswahili na kwa Kikisii, na siyaandiki hapa, huenda mama yangu akasoma.

Sikufa. Nilienda nyumbani, nikapika, nikalala, nikaamkia kazini. Lakini yule mama msimamizi aliandika ripoti.

Kwa asiyejua, managu ndiyo Watanzania huiita mnavu. Ni mboga. Unachuma majani, unachemsha, unalaza kwenye maziwa usiku mmoja, unakula na ugali. Hakuna muujiza wowote. Ila kwangu ilikuwa kubwa kuliko mboga, kwa sababu binti yangu alipoingia majira ya baridi yake ya tatu aliacha kula. Nyama hataki, maharagwe hataki, mayai anatema. Kliniki wakapima damu wakaniambia ni pungufu, wakanipa matone yanayonuka kama msumari wenye kutu. Alikuwa anayatapika kwenye mto. Nilikuwa nasimama pale jikoni na kijiko mkononi nikimwomba mtoto wangu kama naomba kazi.

Chakula cha kwanza alichokula na kuomba tena kilikuwa managu, na hiyo managu haikutoka Kenya. Ilitoka kitalu cha jirani yangu wa bustani, bibi wa Kihmong, kabila la wakulima wa milimani kutoka mashariki ya mbali, mfupi, anayevaa kofia pana na soksi ndani ya ndala. Siku ya kwanza nilipoziona kwake katikati ya matango nilipiga kelele kama nimemwona dada yangu. Yeye na mimi hatuna lugha moja. Akanyanyua kichala, akagusa tunda moja moja kwa kidole, halafu akapapasa tumbo lake na kutikisa kichwa kwamba ndiyo, inaliwa. Kumbe kwao wanaichemsha na kuku. Alinipa miche mitano kwenye kopo la maziwa. Mwaka uliofuata nilikuwa na mstari mzima.

Sasa kosa langu ndilo hili, na ni kosa la Mkenya kabisa. Walipogawa vibao vya mbao tuandike tunachopanda, yule bibi hakuandika kitu. Managu zake alizificha palepale penye matango. Mimi zangu nilizipanda mstari wa mbele, nikaandika MANAGU kwa herufi kubwa, nikapiga picha nikatuma kwenye grupu la wanawake wa nyumbani. Nilitaka zionekane. Basi zikaonekana.

Wiki moja kabla ya ule mfuko, msimamizi alikuja na simu. Alikuwa ameweka ile apu ya kutambua mimea. Alipiga picha jani moja. Jani moja tu! Simu ikamwambia huu ni ule mmea wenye sumu ya kuua, wenye matunda meusi.

"Piga picha ya matunda," nikamwambia. "Piga kichala kizima, uone kimetokea wapi kwenye shina."

"Apu imeshatoa jibu," akasema.

"Apu imewahi kupika?"

Alicheka kidogo, kile kicheko cha huku kisicho na meno. Akasema anaheshimu sana utamaduni wangu. Nikajua basi, nimekwisha.

Mama yangu hajawahi kushika simu ya apu, lakini alinifundisha hii mimea nikiwa na umri wa binti yangu, nyuma ya jikoni, mimi nikiwa nimebeba sufuria. Aliniambia, "Majani yatakudanganya. Majani mengi duniani yanafanana kama wageni wa harusi. Wewe tazama tunda limekaaje." Managu haitoi tunda moja. Kikonyo chake hutokea kwenye shina katikati ya jani na jani, mahali ambapo hukitarajii, kama mtu amekipachika akakosea nafasi. Kisha kwenye ncha kinajigawa, na maua meupe yanatoka pamoja kama mbavu za mwavuli, na baadaye matunda yananing'inia papo hapo, matano, sita, saba, yote ya mama mmoja. Tunda likikaa peke yake kwapani mwa jani, limekalia nyota kubwa ya kijani, mama alisema usiliguse, na ukiligusa usirambe kidole.

Alinifundisha na kuchuma. Kila jani lina mtoto kwapani, kichipukizi kidogo kimelala. Ukikata ncha ya juu kwa kucha, wale wa chini wanaamka. Ukichuma tawi moja, wiki ijayo una mawili. Ndiyo maana managu haing'olewi. Anayeng'oa managu hajui anachokifanya, au hataki mle tena.

Siku ya nne baada ya mfuko, mlango uligongwa. Mwanamke kijana, kitambulisho shingoni, kompyuta kwapani. Ametoka kaunti, idara ya ulinzi wa watoto. Nyumbani tukisikia kaunti tunafikiria barabara na basari za shule. Huku kaunti inaweza kuondoka na mtoto wako ndani ya gari na wewe ukabaki na viatu vyake.

Nilimkaribisha. Nikamtengenezea chai, hakuinywa. Akafungua friji yangu, akatazama kila rafu. Akauliza mtoto analala wapi. Akanisomea yaliyoripotiwa: kwamba namlisha mtoto mmea wenye sumu baada ya kuonywa, kwamba nilimtisha mtu, kwamba nilikula mmea huo mbele ya mtoto nikisema nataka kufa.

"Sikusema nataka kufa. Nilisema ngoja nife."

Akaandika. Nikasikia mwenyewe ilivyosikika. Kwa Kiswahili nilichokitafsiri lile ni kejeli. Kwenye ile kompyuta lilikuwa ugonjwa.

Akamgeukia binti yangu. Akamuuliza mama alifanya nini bustanini. Huyu mtoto anasikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na alijibu vizuri sana, sauti safi: "Mama alikula takataka."

Yule mwanamke hakuwa mbaya. Aliniambia faili itabaki wazi mpaka taarifa zote zikamilike. Nikamuuliza taarifa gani. Akasema kuhusu mmea. Nikamwambia ningemwonyesha huo mmea, lakini umetupwa. Akafunga kompyuta, akaenda. Nilikaa sakafuni kwenye korido, mgongo kwenye mlango, na mwanangu akaja akaniwekea blanketi la mwanasesere wake magotini. Sijawahi kuogopa vile, hata siku ya kumzaa.

Halafu ikaja barua ya kamati ya bustani. Barua tamu. Wanaelewa ni mambo ya utamaduni. Kitalu changu wamekifunga kwa sasa, lakini nikiweka sahihi karatasi waliyoambatisha, watanirudishia kitalu na wataiarifu kaunti kwamba jambo limetatuliwa kwa maelewano. Karatasi yenyewe ilikuwa na mistari mitatu: nakiri kwamba nilipanda mmea wenye sumu, nakiri kwamba nilimpa mtoto wangu bila kujua, naomba radhi.

Mume wangu ni dereva wa lori, siku hiyo alikuwa Nebraska. Nikamsomea kwa simu.

"Mama watoto, weka sahihi yaishe," akasema. Huniita hivyo, mama watoto, ingawa mtoto ni mmoja.

"Niandike nimemlisha mtoto wangu sumu?"

"Si umeandikiwa hukujua?"

"Ukisimamishwa na polisi utaandika ulikuwa umelewa bila kujua?"

Nikasikia lori linanguruma. "Hawa watu hawachezi na mambo ya watoto," akasema kwa sauti ya chini. "Naogopa, mama. Niko mbali."

"Hata mimi naogopa. Lakini wakinifungulia faili nyingine kesho, wataanza na karatasi niliyoitia sahihi mwenyewe."

"Basi una nini mkononi? Mboga yenyewe iko jaani."

Hapo ndipo nikakumbuka matango.

Jumamosi asubuhi nilienda bustanini na binti yangu na mkasi. Bibi wa Kihmong alikuwa kwake, ameinama. Managu zake zilikuwa palepale, zimestawi, hakuna aliyezigusa, kwa sababu hazikuwa na kibao. Nilionyesha kitalu changu kilichochimbuliwa, nikaonyesha mtoto, nikafanya ishara ya mtu anayevutwa mkono. Sijui alielewa kiasi gani. Aliutazama uso wangu kwa muda mrefu. Akachukua ule mkasi, akakata tawi refu lenye maua, matunda mabichi na meusi, lote pamoja, akalifunga kwenye gazeti lililoloa. Aliponipa alikuwa anatazama lango. Nilimwelewa. Nikaapa kwa mkono kifuani kwamba sitasema limetoka wapi, na hata kwenye malalamiko niliyoandika sikusema. Hapa nasema kwa sababu bustani zilishavunwa na theluji imefunika kila kitu, na bila yeye nisingekuwa na hoja.

Nyumbani nililaza tawi juu ya karatasi nyeupe, meza ya jikoni. Nikapiga picha. Kisha nikachora, maana picha apu inaweza kubishana nayo. Binti yangu alisimama kwenye kiti akihesabu kwa Kiingereza: tunda la kwanza, la pili, mpaka la sita.

"Yote yanatoka kwenye mkono mmoja," akasema, akifuata kikonyo kwa kidole mpaka shinani. Kwapani mwa jani akakuta kile kichipukizi. "Na huyu?"

"Huyo ni mtoto."

"Amelala?"

"Amelala."

Niliandika kwanza kwa Kiswahili ili nisijikwae, kisha kwa Kiingereza. Nakala moja nikaipeleka kwa mkono kwenye ofisi ya bustani, wakaipiga muhuri mbele yangu. Ya pili nikaipeleka kaunti. Ndiyo hii.

KWA KAMATI YA BUSTANI. NAKALA: KAUNTI, IDARA YA ULINZI WA WATOTO.

YAH: MALALAMIKO RASMI DHIDI YA MSIMAMIZI WA BUSTANI

Mimi ni mwenye kitalu karibu na lango. Nalalamika kwamba msimamizi wenu aling'oa mboga zangu miche kumi na tisa bila idhini yangu, akamkamata mtoto wangu mkono, na akatoa taarifa isiyo ya kweli kwa kaunti.

Alitambua mmea kwa picha ya jani moja. Jani halitoshi. Naambatisha picha na mchoro. Tazameni matunda. Kwenye mmea wangu kikonyo hutokea kwenye shina kati ya jani na jani, na hubeba matunda matano hadi saba pamoja. Ua ni dogo, jeupe. Kwenye mmea wa sumu mliotaja, tunda hukaa moja moja, kwenye kwapa la jani, juu ya nyota kubwa ya kijani, na ua ni kama kengele, rangi ya zambarau iliyofifia. Msikubali kwa sababu nimesema mimi. Mpelekeeni mtaalamu yeyote wa mimea hapa Minneapolis au Saint Paul, mmuulize tunda limekaaje.

Ni kweli nilikula matunda hayo mbele ya watu, na nilipiga kelele. Nilikuwa na hasira. Sikuwa nataka kufa. Nilikula kwa sababu ni chakula.

Sitatia sahihi karatasi mliyonitumia. Nairudisha ikiwa tupu.

Naomba mambo mawili. Kwanza, kamati iiandikie kaunti, kwa maandishi, kwamba mmea ulitambuliwa kimakosa, na jina la binti yangu liondolewe kwenye jambo hili. Pili, msimamizi asimguse tena mtoto wangu.

Kitalu mnaweza kubaki nacho.

Mama wa mtoto.