Mashimo Tisa ya Karimu

Mimi Baba Kulwa nilianza Katoro na sururu moja, leo nina maduara matatu, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu. Hakuna shimo la kunishangaza. Karimu muuza saruji aliponialika tukashindane na marafiki zake kwenye mashimo tisa, niliapa hawanishindi.

Jumamosi nikatangulia na wachimbaji wanne pale aliponielekeza. Nikakuta majani laini na kibendera. Nikajua wamepima, bado kuchimba.

"Shusheni sururu!"

Tulikuwa tumefika kiunoni Karimu alipotokea na wenzake, wamebeba vifimbo.

"Baba Kulwa! Huu ni uwanja wa gofu! Shimo lilikuwa la kuingiza kimpira, wewe umechimba la kuingia ng'ombe!"

Walicheka mpaka wakakaa chini. Majani yale kumbe bei yake kama dhahabu: nimelipa shilingi milioni mbili, laki tatu na elfu arobaini.