Baba Aliporudi Kutoka Visiwani

Kila nikisikia harufu ya pweza mkavu sokoni, namkumbuka baba akiingia uani kwetu Nachingwea. Alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja, na msimu mzima walikuwa wakizunguka visiwani kwa mashua ya matanga. Alimwacha mama mjamzito.

Siku hiyo alibeba furushi la pweza, ngozi imebabuka kwa jua na chumvi, anacheka.

"Mama yenu yuko wapi?" alituuliza.

Bibi alitoka jikoni na kichanga mgongoni.

"Mwanangu, keti. Mkeo tulimzika alipojifungua. Hatukujua tukutafute wapi."

Baba alimpokea mtoto, akamtazama muda mrefu.

"Anaitwa nani?"

"Bado hana jina. Tulikungoja wewe."

Baba alifungua mdomo ampe jina, lakini lililotoka lilikuwa la mama.