Doa la Mgongoni

Nilikuwa nimerudi Mhezi kutoka kununua ng'ombe huko Ndungu, mke wangu alipoona doa jeusi mgongoni mwangu. Tukateremka hospitalini Same, yeye akilia na kuwapigia simu kina mama wa kanisani njia nzima.

Niliambiwa nilale kifudifudi. Daktari akalikagua doa kwa kioo cha kukuzia, akasema ni chunjua. Mwenzake, dada mmoja mpole, akachukua kioo akasema kingo zake haziko sawa, huenda ni saratani. Wakabishana kwa heshima juu ya mgongo wangu.

"Tazama lilivyoinuka. Ni chunjua."

"Saratani nayo huinuka."

Mke wangu akauliza kama bado naruhusiwa kula nyama. Yule dada alikuwa ameganda, jicho kwenye kioo.

"Daktari," akasema taratibu, "chunjua lako linachezesha miguu."

Alikuwa kupe. Wakamng'oa kwa kibano, wakanionyesha. Nilicheka, mke wangu alinuna hadi nyumbani. Jioni kina mama walipokuja kunipa pole, aliona aibu, akawaambia nimepasuliwa. Ikabidi nilale tena kifudifudi, nikaitikia maombi yao kwa sauti ya mgonjwa.