Konzi Moja Ambayo Haikuandikwa Ubaoni

Dada mmoja aliingia mgahawani kwetu saa nne asubuhi, akapita viti vyote vitupu, akaenda kusimama mbele ya ubao wa menyu.

Akaanza kuusoma kwa sauti.

Hakusoma kama mtu anayetafuta cha kula. Alisoma kama karani wa mahakama anavyosoma hukumu.

"Supu ya dengu. Bakuli moja. Mafuta, gramu nne. Sukari, gramu mbili. Chumvi, gramu moja."

Akaweka kidole kwenye mstari huo. Kisha akarudia.

"Chumvi, gramu moja."

Wateja wawili waliokuwa wanakunywa chai kwa maandazi wakaacha kutafuna. Mimi nilikuwa kwenye dirisha la jikoni, mwiko mkononi, na miguu ikaanza kuniambia tukimbie.

Nilimjua. Alikuwa amemzika baba yake wiki tatu nyuma.

Na baba yake nilimlisha mimi.

Ngojeni niwaeleze tangu mwanzo. Jambo hili limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na humu mtandaoni kila siku nawaona mnatoana macho: migahawa iandike kilichomo kwenye chakula, isiandike, inawahusu nini. Mimi nilikuwa jikoni. Sikusimuliwa.

Mimi ni mpishi. Shule nilisoma vipande vipande, darasa hili mji huu, darasa lile mji mwingine, na jiko ndilo likanimalizia. Nimepika melini, nimepika machimboni, nimepika kwenye bweni la wanafunzi mia sita wasioshiba. Jiko likinichosha nilikuwa nafunga visu vyangu kwenye taulo, naaga, sigeuki nyuma.

Kwenye mgahawa huu nilifikisha mwaka wa tano. Kwangu mimi huo ni muujiza.

Kilichonishika ni mtu mmoja tu, Fundi.

Fundi alikuwa na chumba chake cha cherehani ng'ambo ya barabara. Mgane, mwembamba kama sindano zake, mdomo mkali kama mkasi wake. Kila mchana alikuja kula, na mimi nikishapakua natoka jikoni nakaa naye. Tunasemana mpaka chai inapoa.

"Mpishi, hiyo aproni yako nikiifua nitapata supu ya watu watano."

"Na wewe hiyo suruali uliyomshonea jirani, mguu mmoja umeenda sokoni, mwingine umebaki nyumbani."

Ndivyo tulivyopendana.

Kisha siku moja hakuja. Wiki ikapita. Nikasikia amelazwa, moyo.

Alipotoka, daktari alikuwa amempa sheria. Moyo umechoka kusukuma damu, maji yanabaki mwilini, na chumvi ndiyo inayoyashikilia. Asizidishe gramu tatu kwa siku. Siku nzima, tangu kuamka mpaka kulala.

Binti yake, ndiye pekee aliyebaki naye nyumbani, alirudi siku hiyo hiyo akatupa kopo la chumvi.

Fundi akawa anapita nje ya mgahawa wetu, anasimama, ananusa, anaondoka.

"Nimekuwa paka wa buchani," aliniambia. "Naangalia, sigusi."

Miezi michache baadaye mwenye mgahawa, mama mmoja mchapakazi ambaye sote tunamwita Bosi, akaja na jambo jipya. Anataka kila chakula kiandikwe ubaoni na vilivyomo. Mafuta kiasi gani, sukari kiasi gani, chumvi kiasi gani.

"Watu siku hizi wanaumwa," akasema. "Mtu akae hapa ajue anachokula."

Akamleta bibi wa lishe na mizani ndogo. Siku tatu yule mama alisimama jikoni kwangu na daftari lake. Kila kinachoingia chunguni kwanza kinapita kwenye mizani.

"Pika kama kawaida yako, baba," akaniambia. "Usiniogope."

Nikapika kama kawaida yangu.

Isipokuwa kitu kimoja.

Nilipokuwa kijana melini, mpishi mkuu wetu alinifundisha kitu alichokiita kufunga chungu. Chakula kikishaiva na moto ukishazimwa, mpishi mkubwa anatia mkono wake wa mwisho. Konzi moja ya chumvi, ngumi iliyojaa, anakoroga mara tatu, anafunika. Na haifanywi mbele ya mgeni.

"Ukimwonyesha mtu mkono wako wa mwisho," alisema, "jiko si lako tena."

Miaka arobaini nililishika neno hilo kuliko nilivyoshika sala zangu.

Basi bibi wa lishe alipima, akaandika, akafunga daftari, akanishukuru, akatoka.

Alipopita mlango tu, mimi huyo, nikafunga chungu.

Niaminini nikiwaambia sikujiona nadanganya. Kwa akili yangu ya siku ile, ile haikuwa chumvi. Ule ulikuwa mkono.

Ubao ulipotundikwa, binti alimleta baba yake mwenyewe. Akasoma kila mstari kwa kidole. Alipofika kwenye supu ya dengu akapiga makofi.

"Baba! Gramu moja! Hii unaweza kula kila siku!"

Akatoa simu, akaupiga ubao picha. Kisha akaja dirishani kwangu macho yamejaa maji.

"Baba mkubwa, Mungu akupe maisha marefu. Mmenirudishia baba yangu."

Nikajiona mtu kweli.

Fundi akaletewa bakuli. Kijiko cha kwanza alikishika mdomoni muda mrefu. Akafumba macho. Akafumbua, akatazama dirishani kwangu, akamtazama binti yake.

"Vipi, baba?"

"Ya mgonjwa kabisa hii, mama," akasema. "Haina kitu. Ila nitajikaza kisabuni, nitaizoea."

Akala mpaka kijiko kikalia kwenye bakuli.

Miezi saba alikula kwetu kila mchana. Alirudi na matani yake, na ulimwengu wangu ukakaa sawa.

Lakini mwezi wa nne au wa tano hivi, miguu yake ikaanza kuvimba. Mwenyewe alifanya mzaha. Alitoa futi yake ya kushonea, akajipima kifundo pale mezani.

"Mwezi jana inchi tisa na nusu. Leo kumi na moja. Mpishi, nakua!"

Nikacheka. Jamani, nilicheka.

Siku moja nilikuwa na konzi ya chumvi juu ya chungu, moto nimeshazima, nikamwona kupitia dirishani akivuka barabara. Alikuwa na ndara, viatu vimemkataa. Katikati ya barabara akasimama kuvuta pumzi. Gari likampigia honi, hakuweza hata kugeuka kulitukana. Yeye, Fundi.

Nikautazama mkono wangu.

Nikaenda kwenye mizani. Nikaifungua ile konzi juu yake.

Gramu tisini.

Chungu kile kinatoa bakuli arobaini. Hesabu sikusoma nyingi, lakini hii niliifanya mara tatu kwa kidole kwenye unga uliomwagika mezani. Kila mara ilitoka ile ile. Gramu mbili na robo kwa kila bakuli, juu ya ile moja iliyoandikwa.

Bakuli moja la mchana lilikuwa linammalizia siku nzima na kuvuka. Na nyumbani bado anakula mkate.

Nilikaa chini kwenye gunia la viazi.

Kesho yake nikampikia kisufuria chake peke yake, bila kufunga. Siku hiyo alikuja na binti yake, amemshika mkono. Akaonja. Akaweka kijiko chini.

"Mpishi! Nani kakufunga mkono leo?"

"Ni kwa afya yako, Fundi."

"Afya yangu si imeandikwa pale? Gramu moja." Akanyoosha kidole. "Au ubao unasema uongo?"

Akanikazia macho.

Mlango ulikuwa wazi hapo. Ningesema neno moja tu. Bosi alikuwa kaunta, ananitazama. Binti alikuwa kakaa katikati yetu, ananitazama kwa yale macho yake ya shukrani. Nikafikiria aibu. Nikafikiria visu vyangu kwenye taulo, na umri huu, na mji mwingine nisikomjua mtu.

"Hausemi uongo," nikasema.

"Basi nirudishie supu yangu."

Nikamrudishia. Niliweka nusu konzi kwenye chungu cha watu wote, nikajidanganya kwamba nusu ni huruma.

Wiki tano baadaye cherehani yake ilinyamaza.

Sasa turudi kwa yule dada mbele ya ubao.

Nilitoka jikoni. Nilijua nikikausha tena siku hiyo, sitakuwa mtu tena. Nikavua aproni, nikasimama nyuma yake.

"Mwanangu," nikamwambia, "hiyo namba si kweli."

Hakugeuka.

"Nilikuwa natia chumvi nyingine bibi wa lishe akishatoka. Konzi moja kwa chungu. Baba yako alikuwa anakula zaidi ya gramu tatu kwa bakuli. Nilipojua, sikusema. Siku ile aliyoniuliza mbele yako, nilisema uongo."

Nikangoja kofi. Nililihitaji lile kofi.

"Najua, baba mkubwa," akasema.

"Umejuaje?" nikauliza.

"Baba aliniambia hospitalini, siku mbili kabla hajafariki. Alikuwa anacheka. Akasema, 'Mama, usimlaumu Mpishi. Mtu aliyenyimwa chumvi, ulimi wake si mjinga. Mimi kijiko cha kwanza tu nilijua.'"

Nitasema ukweli wangu hapa, msinihukumu haraka. Kwa dakika moja nilipata nafuu. Mzigo ulinishuka mabegani. Kumbe alijua! Alichagua mwenyewe, mtu mzima na akili zake!

Dada akageuka. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Alijua yeye," akasema. "Ulijua wewe. Sasa niambie, nani alikuwa hajui?"

Nikaikunja aproni yangu, nikaikunjua.

"Nyumbani nimekula bila chumvi karibu mwaka, tangu atoke hospitali, ili asione sahani yangu ni tofauti na yake. Daktari aliponiuliza anakula nini, nilimwonyesha picha ya ubao huu. Picha yenu, baba mkubwa. Nikamwambia chakula cha baba ni safi, kimepimwa, tatizo ni dawa zako. Daktari akaacha kuuliza chakula. Akabadilisha dawa, akabadilisha tena. Kwa mdomo wangu mimi."

Wale wateja wa chai waliacha vikombe wakatoka taratibu.

"Siku ile nilikaa katikati yenu," akaendelea. "Mkatazamana. Nikadhani mnataniana. Kumbe mnaelewana."

Bado aliniita baba mkubwa. Afadhali angenitukana.

Nikamwambia nisamehe. Neno lilitoka dogo, likaanguka pale pale miguuni kwangu.

Akavuta kiti. Kiti cha baba yake.

"Nipe ile supu," akasema. "Kama alivyokula yeye. Usipunguze."

Nikaenda jikoni. Nikafunga chungu kwa konzi nzima, nikampakulia, nikamwekea mbele. Akatia kijiko mdomoni.

Karibu mwaka bila chumvi.

Kidevu kikaanza kumcheza. Machozi yakamtiririka, lakini hakuacha. Kijiko cha pili. Cha tatu.

"Ni tamu," akasema. "Ni tamu sana. Angeniambia tu. Tungekula wote mara moja moja, Jumapili, kidogo. Angeniambia tu."

Hakumaliza bakuli. Alisimama, akafuta uso kwa kiganja, akaondoka. Hajarudi mpaka leo, na sitegemei.

Siku hiyo hiyo nilimweleza Bosi kila kitu. Alinipa makavu, nikayapokea. Kisha akataka kuufuta ubao wote yaishe. Nikamwomba asiufute. Tukamwita bibi wa lishe, na kwa mara ya kwanza maishani nikafunga chungu mbele ya mgeni. Siku hizi konzi imekuwa robo, na hiyo robo imeandikwa. Wateja kadhaa wamehama, wanasema mkono wangu umezeeka. Sawa.

Sasa nyinyi mnaosema mtu mzima anajua anachokula, hizo namba za nini: mnasema kweli. Anajua. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mlaji ana kata yake mdomoni. Anayepika naye ana yake mkononi.

Lakini nyumbani kuna mtu anayempenda huyo mlaji, anamngoja, anahesabu vidonge vyake, anajibu maswali ya daktari. Yeye hana kata. Ana namba tu.

Ubao ni wa huyo. Msimwandikie uongo.