Swali Nililolikatiza

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa muuguzi wa wodi ya watoto mjini Kisii, na kazi niliyoipenda ilikuwa kumtayarisha mtoto kabla ya upasuaji. Mtoto huogopa zaidi asichokijua. Kwa hiyo nilimpa ile barakoa ya waya na shashi aishike, nikadondosha tone moja la dawa ya usingizi anuse, akakunja uso, tukacheka. Nilimwambia ukweli: itanuka vibaya, utasikia kizunguzungu, halafu hutajua kitu mpaka uamke. Mwisho nilimwuliza ana swali gani, kisha nikangoja. Hapo ndipo pagumu, maana mtoto huliweka nyuma kabisa lile jambo linalomsumbua.

Asubuhi moja ya mvua ilikuwa zamu ya mvulana wa miaka tisa hivi kutoka upande wa Nyaramba, aliyelazwa jana yake ili apasuliwe ngiri. Alikuwa ametahiriwa Desemba iliyopita. Nilipotoa barakoa, babake akatikisa kichwa.

"Sista, usimrudishe utotoni. Huyu ni mwanamume."

Mtoto alikuwa akitazama sakafu. "Sista," akasema polepole, "na kama mtu..."

Machela ilikuwa imefika. Nikataka kumtia moyo kama ambavyo mtu yeyote wa kwetu angefanya.

"Wewe ni omomura," nikamwambia, jina tunalomwita kijana aliyekwisha kutahiriwa. "Ulisimama mbele ya kisu ukiwa macho, na hukupepesa. Leo utakuwa umelala. Utaogopa nini?"

Akafunga mdomo. Baba akatabasamu. Nami nikadhani nimefaulu.

Alipokwisha kulala kwa dawa alitapika uji wa wimbi, ukamwingia mapafuni. Nyanyake, aliyekuwa amelala kwa jamaa zake mjini, alikuwa amemletea kibuyu wodini alfajiri, akipitia mlango wa jikoni. Baba nilikuwa nimemweleza kwamba mtoto asile wala asinywe. Nyanya hakuna aliyemweleza. Kwetu mtu hapelekwi penye taabu na tumbo tupu. Kwa nyanya yule, kumnyima ndiko kungekuwa ukatili.

Siku ya pili, akipumua kwa shida, mtoto alinishika mkono.

"Nilitaka kukwambia nimekunywa uji."

"Mbona hukusema?"

"Ungefikiri natafuta njia ya kukimbia."

Nilimwambia kosa si lake. Nilimwambia tena, karibu na sikio. Sijui kama alinisikia. Alifariki jioni ile.

Baada yake nilifanya kazi hiyo miaka mingi, na sikumsifu tena mtoto kwa ujasiri kabla ya kisu. Nilimwambia anaweza kulia, na kwamba tukiahirisha hakuna atakayemcheka. Waliomsindikiza niliwauliza mmoja mmoja, hata bibi aliyekaa nje kwenye nyasi, wamempa nini tangu jana. Ukiwa na mtoto wa kupeleka hospitali, uliza hivyo hivyo, na umwache amalize sentensi yake.

Asubuhi iliyofuata kifo cha mvulana yule, babake alikuja kumchukua. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Alilia?"

"Hakulia."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha kwenda nacho nyumbani. Maneno ya mtoto nilikuwa nayo mdomoni. Sikuyasema. Nikamshikia baba ncha moja ya blanketi, tukamfunga mtoto pamoja.