Saa ya Ng'ombe wa Mama

Kwa muda mrefu nilikataa kuiweka programu yangu mtandaoni. Ilifanya kazi, lakini ndani yake ilikuwa kama jiko la mtu anayeishi peke yake, na sikutaka wageni wafunue masufuria. Mwalimu wangu wa chuo akashikilia kwamba kilichoandikwa kwa kompyuta za chuo ni cha watafiti wote. Basi nikaiweka, huku nimenuna.

Kazi yake ni kupitia kumbukumbu za kipima mitetemo na kuchambua: hili tetemeko la ardhi, hili lori, hii miguu ya watu. Niliijaribia Kilema, kijijini kwetu mlimani, kwenye kihamba cha mama yangu, yaani shamba la nyumbani, ambako nilifukia kipima kimoja nyuma ya banda la ng'ombe. Kila asubuhi programu ikawa inapiga kelele kwamba ardhi inatetemeka. Nikapanda kwenda kuangalia. Nikamkuta mama, panga mkononi, anamkatia ng'ombe migomba juu ya gogo, hatua mbili tu kutoka kwenye kipima changu.

"Shikamoo mama. Huwezi kukatia kule mbele?"

"Marahaba. Gogo hili liko hapa tangu hujazaliwa. Hamisha tetemeko lako."

Mama yangu habishiwi. Nikarudi mjini Moshi, nikaandika amri ya mkato: kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja asubuhi, tupa kila kitu. Pembeni nikaweka maelezo, "Mama na ng'ombe, ruka," kisha nikaisahau kabisa.

Wiki chache baadaye mama akapiga simu asubuhi, saa moja ikigonga. Nyumba imetikisika, mifuniko ya sufuria imegongana, na yeye panga alikuwa hajaligusa. Nikafungua programu. Hakuna kitu. Nikamwambia, kwa sauti ya kisomi ambayo leo naionea aibu, kwamba ni lori tu. Kumbe alikuwa ameshawatangazia akina mama wa jumuiya yake ya sala. Wakanipigia kuuliza, nami nikawajibu vilevile. Tangu hapo wakipita kihambani wanaita, "Mama Tetemeko, leo vipi?" Niliposikia kwamba siku hizi mama haendi jumuiya, nilidhani ni magoti yanamsumbua.

Kisha ikaja barua pepe kutoka kwa mtafiti wa Kenya, upande wa pili wa mpaka wa Holili, aliyeichukua programu yangu.

"Dada, asante sana. Ila matetemeko yangu yote ya asubuhi yanapotea. Nimechungulia ndani nikakuta mama na ng'ombe. Hapa kwangu ni mawe na miiba tu. Huyu mama ni nani, na anafutaje matetemeko ya Kenya?"

Nilicheka peke yangu ofisini, halafu nikakumbuka ile simu, kicheko kikakatika. Nikaiondoa amri, nikapitisha upya asubuhi zote za Kilema. Panga, panga, panga. Nilipofika siku ya simu ya mama, ukatokea mtikisiko mrefu usiofanana na panga hata kidogo. Ukafuata ukimya. Panga la kwanza lilikuja baadaye kabisa. Nikamwomba mwenzangu wa Kenya aangalie kipima chake cha asubuhi ileile. Akajibu kwamba tetemeko lipo, tena limekaa vizuri.

Kosa nililitangaza siku hiyohiyo kwenye ukurasa wa programu, watumiaji wote walione. Hilo lilikuwa jepesi. Kazi ilikuwa kupanda Kilema. Niliona aibu njia nzima.

Nilimweleza mama yote, karatasi yenye mchoro wa mtikisiko ule nikiwa nimeikunjua mbele yake. Hakuitazama.

"Uliwaambia wangapi kwamba ni lori?"

"Karibu jumuiya nzima, mama."

"Sasa mimi unaniambia ya nini? Mimi nilikuwepo."

Akaingia ndani, akatoka amevaa kitenge chake cha kutokea. Jumuiya ilikuwa inasali kwa jirani jioni hiyo. Sala ilipokwisha nikasimama, nikasema kwamba mama yangu alisema kweli na mimi ndiye niliyekosea. Mama alikuwa amekaa mbele kabisa, mikono mapajani, ananisikiliza kama mgeni rasmi.

"Rudia," akasema. "Wale wa nyuma hawajasikia."